Nyani na kupe: siri ya kuchambuana manyoya

Yeyote aliyewahi kusafiri katika barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa amewaona nyani wakiwa wameketi kando ya lami, mmoja ameinamisha kichwa huku mwenzake akipekua manyoya yake kwa vidole. Wengi huamini kuwa nyani hao wanatafutana chawa. Wengine husema ni mapenzi tu, au ni mnyonge anayejipendekeza kwa mkubwa wake. Utafiti uliofanywa katika uwanda wa Amboseli, kusini mwa Kenya, unaonyesha kwamba kila upande una sehemu yake ya ukweli, ila adui mkubwa hapo ni kupe.

Nyani wa Amboseli wamechunguzwa mfululizo tangu mwaka wa 1971, katika mradi ulioanzishwa na wanasayansi Jeanne Altmann na Stuart Altmann kutoka Marekani. Watafiti huwafuata kwa miguu, nao humtambua kila nyani kwa sura. Wanayoyaandika yaweza kuonekana madogo: nani amemchambua nani, nani amempisha nani njia, nani amezaa. Lakini yakikusanywa kwa miongo mingi, mambo hayo madogo hueleza ni nani anayeishi na ni nani anayekufa mapema.

Kupe hupanda juu ya nyasi, akanyoosha miguu yake ya mbele na kungoja mnyama apite. Akishajishikiza kwenye ngozi, hunyonya damu kwa siku kadhaa. Wafugaji wa Kimaasai ambao mifugo yao hulisha katika uwanda huohuo hawahitaji kufunzwa ubaya wake, kwani ndigana kali inayowaangamiza ng'ombe huenezwa na kupe. Nyati na kifaru husaidiwa na ndege aitwaye askari wa kifaru, ambaye huwadonoa kupe hao (ingawa ndege huyo naye hunywa damu ya vidonda, hivyo si rafiki wa kutegemewa sana). Nyani hutegemea vidole. Vyake mwenyewe vinafika kifuani na mapajani, lakini kisogoni na mgongoni ni lazima apate mwenzake.

Mnamo 2013, kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Mkenya Mercy Akinyi kilichapisha matokeo ya uchunguzi kuhusu jambo hilo. Nyani waliopewa dawa ya usingizi walihesabiwa kupe mwilini na kutolewa damu, kisha hesabu hizo zikalinganishwa na kumbukumbu za kuchambuliwa kwao. Ilibainika kwamba muda ambao nyani huchambuliwa hutegemea umri, jinsia na cheo chake katika kundi, na kwamba muda huo nao huathiri idadi ya kupe alionao. Waliokuwa na kupe wengi walikuwa na kiwango cha chini cha chembe nyekundu za damu, dalili kwamba afya yao ilikuwa imedhoofika. Ilipatikana pia Babesia microti, kimelea kinachoenezwa na kupe, lakini katika nyani wachache mno kiasi kwamba haikuwezekana kueleza ni kwa nini hao ndio walioambukizwa.

Hapa msomaji makini atauliza: je, si huenda nyani mgonjwa ndiye anayetengwa na wenzake, na kwa hivyo akajaa kupe? Swali hilo ni la haki. Uchunguzi wa porini hauwezi kuzuia kundi moja lisichambuliwe ili kuona litakavyokuwa.

Isitoshe, kushikana kuna gharama yake. Utafiti mwingine wa Amboseli, uliochapishwa mwaka wa 2015, uliwachunguza nyani 48 wa makundi mawili, ukaonyesha kuwa wale wanaochambuana mara kwa mara hufanana katika bakteria za matumboni. Vidole vinavyotoa kupe ndivyo pia vinavyohamisha vijidudu.

Kwa minyoo, vidole havifui dafu. Mayai yake hutoka na kinyesi na kuzagaa chini ya miti ambayo nyani hulala. Glenn Hausfater na Barbara Meade walieleza mwaka wa 1982 kwamba nyani wa Amboseli hulala katika kichaka kimoja cha miti usiku mmoja au mbili, kisha wakakiepuka kwa siku kadhaa kabla ya kurejea. Waliona katika tabia hiyo mbinu ya kuukwepa udongo wakati ambapo vimelea viko tayari kuambukiza.

Mbinu hiyo inahitaji miti mingi. Migunga yenye magome ya manjano, ambayo nyani hao huipenda kwa malazi, ilipungua sana Amboseli katika nusu ya pili ya karne ya 20, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 baadhi ya makundi yalikuwa yakihamia maeneo ambayo miti hiyo ilikuwa bado imesimama.