Mgonjwa wako anatarajiwa kufika wapi wiki hii?

Fungua faili la mgonjwa wodini, utazame sehemu ya malengo. Si ajabu ukakuta: "Ageuzwe kila baada ya saa 2." Hiyo ni kazi ya muuguzi, tena kazi muhimu, lakini haisemi mgonjwa atafika wapi. Lengo ni kwamba hadi siku anaruhusiwa, ngozi yake iwe nzima, bila kidonda mgongoni, nyongani wala visiginoni.

Uuguzi huenda kwa hatua: kukusanya taarifa, kutambua tatizo, kupanga, kutekeleza na kutathmini. Mwaka 1961 Mmarekani Ida Jean Orlando, muuguzi na mwalimu wa wauguzi, aliandika kitabu kilichosisitiza kwamba muuguzi asijiamulie tu mahitaji ya mgonjwa, amuulize mwenyewe. Zamu ikizidiwa, hilo ndilo husahaulika kwanza.

Chukua mfano wa mama aliyepatwa na kiharusi, upande wa kulia umelegea. Daktari anahangaikia presha, watoto wanahangaikia usemi wake. Muulize yeye anatamani kuweza nini kwanza, huenda akajibu, "Niende chooni mwenyewe, mwanangu." Muuguzi hodari anaanzia hapo. Anaandika kwamba ndani ya siku 2 mama ataketi ukingoni mwa kitanda dakika 10 bila kuyumba, na ifikapo Ijumaa atahamia kiti cha choo kando ya kitanda akishikwa na mtu mmoja. Hata uji una lengo lake: akishapimwa kama anameza vizuri, amalize nusu kikombe bila kukohoa, maana uji ukipita njia ya hewa huweza kuleta nimonia.

"Maumivu yapungue" nayo haipimiki. Anayetaja 8 katika kipimo cha 0 hadi 10, aandikiwe yashuke hadi 3 ndani ya saa 1 baada ya dawa, na saa hiyo ikitimia aulizwe tena.

Je, Ijumaa ikifika na mama hajaweza kuhama? Faili lisifungwe. Huenda kiti ni kifupi mno, huenda anaogopa kuanguka, huenda lengo lenyewe lilimzidi nguvu. Libadilishwe, lipangiwe siku nyingine.

Wapo wanaosema wauguzi ni wachache, muda wa kuandika hakuna. Uchache huo ni wa kweli na unaumiza. Lakini muuguzi aliye peke yake usiku ndiye anayehitaji zaidi mstari mmoja wa kumwonyesha aanzie kwa nani na kwa lipi.

Linalonisikitisha zaidi ni ndugu wanaouguza kuachwa gizani, ilhali ndio wanaolisha na kuogesha. Binti asiyejua lengo humfanyia mama kila kitu kwa huruma, hata anayoyaweza, na mama anazidi kudhoofika. Ukienda kumwona mgonjwa wako, muulize muuguzi: lengo lake wiki hii ni lipi, na sisi tusaidie wapi?