Nyungunyungu, Shamba na Kuku



Mvua kubwa inyeshapo usiku, asubuhi twawaona nyungunyungu wametapakaa njiani, na kuku wakiwakimbilia. Watoto huwaokota wakawatia katika ndoana, watu wazima huwaruka tu, na hapana awafikiriaye zaidi. Leo twapenda kuwafikiria, maana waweza kutufanyia kazi mbili: kugeuza takataka kuwa mbolea, na kulisha kuku wa uani. Lakini kazi hizo mbili zisipotengwa huleta hasara, na hasara hiyo twaijua, kwa kuwa ilitupata sisi wenyewe.

Kwanza na tumjue kiumbe huyu. Nyungunyungu hana macho, wala masikio, wala mapafu. Huvuta pumzi kwa ngozi yake, na ngozi hiyo sharti iwe na unyevu, ikikauka, hufa. Meno pia hana, bali ndani ya mwili wake mna firigisi kama ya kuku, nayo husaga majani yaliyooza pamoja na chembe za mchanga. Wanafunzi wetu hucheka sana wasikiapo kwamba mlaji na mliwaji wote wana firigisi. Tena kila mmoja ni dume na jike pamoja, ijapokuwa aghalabu huhitaji mwenziwe ili azae. Mayai yake hukaa katika kifuko kidogo chenye umbo la ndimu, kisichozidi punje ya mchele kwa ukubwa.

Asidhani mtu kwamba habari hizi ni za kuchezea watoto. Charles Darwin, mtaalamu wa Uingereza, aliwachunguza nyungunyungu kwa zaidi ya miaka 40, akatoa kitabu juu yao mwaka 1881, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Alikisia kwamba katika sehemu nyingi za nchi yake nyungunyungu hupitisha matumboni mwao zaidi ya tani 10 za udongo mkavu kwa mwaka katika kila eka moja, na kuuleta juu. Jembe gani lifanyalo kazi hiyo bila mshahara?

Lakini si kila nyungunyungu afaaye kufugwa. Yule mnene wa rangi ya udongo, achimbuliwaye chini sana shambani, hapendi sanduku. Mwacheni huko huko afanye kazi yake. Tumtakaye ni yule akaaye juu juu, chini ya majani yaozayo na katika samadi kuukuu ya ng'ombe. Wako wekundu wembamba, ambao asili yao ni Ulaya, na wako wakubwa zaidi ambao kwao ni Afrika ya Magharibi. Hawa wa pili wapenda joto, nao siku hizi hufugwa hata Ulaya na Marekani, ila baridi kali huwaua.

Nyumba yao si kazi kubwa. Sanduku la mbao lenye urefu wa futi 3, upana wa futi 2 na kina cha futi 1 latosha kuanzia. Toboeni matundu chini ili maji yasituame. Liwekeni chini ya mwembe au nyuma ya jiko, mahali pasipopigwa na jua, hasa pwani kwenye joto. Miguu yake isimame ndani ya makopo yenye maji, kwa sababu ya siafu. Siafu wakiingia usiku mmoja, asubuhi hamtakuta kitu! Ndani tandikeni majani makavu ya mgomba yaliyokatwakatwa, kisha samadi ya ng'ombe iliyokwisha kupoa. Samadi mbichi huchemka yenyewe kwa joto, na joto hilo huwapika. Baada ya hapo watieni nyungunyungu, wafunikeni kwa gunia lililoloweshwa, na kuwapa maganda ya ndizi, mabaki ya mboga na majani ya chai yaliyokwisha kutumika, kidogo kidogo. Chumvi, pilipili, ndimu, mafuta na nyama wasipewe.

Unyevu hupimwa kwa mkono. Kamueni konzi moja ya uchafu huo: yakitoka matone mawili matatu, ni sawa, yakitiririka, ongezeni majani makavu, yasipotoka kabisa, nyunyizeni maji. Sanduku likinuka vibaya, jueni kwamba mmewapa chakula kuliko wawezacho kula. Mkiwatunza hivyo, wale wekundu hutoka mayaini baada ya majuma matatu hivi, na baada ya miezi miwili au mitatu nao huzaa.

Sasa twaja kwenye hasara tuliyoitaja. Mwaka mmoja wanafunzi wetu wa chuo, kwa bidii njema, walichimba nyungunyungu nyuma ya banda la kuku, mahali palipotupwa mavi ya kuku, wakawapa vifaranga 14. Vifaranga walifurahi mno. Baada ya majuma machache wakaanza kunyoosha shingo na kupanua midomo kama wenye kiu, wakakohoa, wakadhoofika. Wengine walisema ni kideri, wengine wakasema ni vumbi la pumba. Bwana Mifugo alipofika alimpasua mmoja aliyekufa, akatuonyesha kooni, katika njia ya pumzi, minyoo myekundu iliyoungana wawili wawili mfano wa njia panda. Tukabaki na vifaranga watano.

Sababu yake ni hii. Kuku mgonjwa hutoa mayai ya minyoo hiyo katika mavi yake. Nyungunyungu huyala pamoja na uchafu, naye haugui, bali huvihifadhi vijidudu hivyo mwilini mwake muda mrefu, pengine miaka. Kifaranga akimla, amemeza na ugonjwa. Upo na mnyoo mwingine wa tumboni upitao njia hiyo hiyo, nao hubeba maradhi yawauayo sana bata mzinga.

Kwa hiyo sisi tuna masanduku mawili. La kwanza ni la shamba; humo mavi ya kuku yaliyooza vema huruhusiwa, na mbolea yake huenda kwenye mboga na migomba, lakini nyungunyungu wake kuku hawapewi kamwe. La pili ni la kuku. Humo huingia samadi ya ng'ombe na mabaki ya jikoni tu, na juu yake pana kifuniko cha wavu, kuku wasije wakachakura na kuchafua. Hata hao wa sanduku la pili, hatuwatoi wabichi. Twawaosha, twawatia katika maji yanayochemka kwa dakika chache, twawakatakata na kuwachanganya na pumba. Mama mmoja jirani alituambia kwamba twawapikia kuku kuliko wageni. Na acheke, vifaranga wetu wapo.

Wala msiwape kwa wingi. Nyungunyungu mkavu ni chakula cha kujenga mwili, zaidi ya nusu yake; lakini akiwa mbichi, sehemu kubwa yake ni maji. Yeye ni kitoweo, si ugali, na nafaka, majani mabichi na maji safi havikosi kuhitajika.

Wakati wa kuvuna, mwageni uchafu wa sanduku juu ya gunia penye mwanga, mfano wa kichuguu. Nyungunyungu huukimbia mwanga na kushuka chini. Kwanguneni mbolea ya juu, ngojeni kidogo, kwanguneni tena, hata wabaki wamejikusanya chini kama fundo la uzi. Nusu warudisheni sandukuni. Na jirani akija kuwaomba wa kuanzia, mpeni wa sanduku la kuku, baada ya kumwuliza kuku wake hulala wapi na mavi yao hutupwa wapi.