Neno "Vijana" katika Kiswahili cha Habari: Mifano kutoka Embu

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi vyombo vya habari vya Kenya vinavyomchora kijana kwa kutumia Kiswahili. Jambo hili limekwisha kujadiliwa na wataalamu wa jamii na wa uandishi wa habari, lakini mjadala wao aghalabu huishia katika mambo yaliyo wazi: picha zinazochaguliwa, visa vinavyopewa ukurasa wa kwanza, na maneno ya kashfa. Hapa tutadai kwamba taswira ya kijana hujengwa pia na sarufi ya kawaida, ambayo sisi walimu wa lugha tunaifundisha kila siku bila kuitilia shaka. Tutatazama mambo matatu: uteuzi wa nomino, matumizi ya -a unganifu, na kauli ya kutendwa. Vichwa vya habari vilivyomo humu tumeviunda wenyewe kwa kufuata mtindo uliozoeleka. Si nukuu za gazeti lolote.

Nani huitwa kijana?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 260, inamtambua kijana kuwa mtu aliyetimiza miaka 18 na ambaye hajafikia miaka 35. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na takriban robo tatu yao walikuwa chini ya miaka 35. Kwa hiyo, kama neno hili lingekuwa la umri tu, tungelikuta likitumiwa kila mahali, kwa muuguzi, karani, mkulima na hata mbunge. Lakini sivyo. Muuguzi wa miaka 28 akitajwa katika taarifa huitwa muuguzi. Mwalimu wa miaka 30 huitwa mwalimu. Anayeitwa kijana ni yule ambaye mwandishi hakumpatia jina jingine. Twaweza kusema basi kwamba katika lugha ya habari neno "kijana" hujaza nafasi iliyoachwa wazi na kazi, elimu au ukoo.

Huenda msomaji akadhani kwamba lawama ni ya kiambishi ki-, ambacho mara nyingi huashiria udogo. Hoja hiyo haitoshi. Kiongozi na kinyozi nao wamo katika umbo hilohilo, wala hatuwaoni kuwa wadogo. Tena maneno haya yote huchukua upatanisho wa viumbe wenye uhai: kijana amekuja, kiongozi amekuja. Kasoro haimo katika umbo la neno, imo katika kazi ambayo neno limepewa. Wameru walikuwa na neno "nthaka" kwa wanaume waliokwisha kutahiriwa na kupewa jukumu la ulinzi. Neno hilo lilitaja umri, lakini lilitaja pia wajibu. "Kijana" wa taarifa ya habari ana umri tu.

Vijana wa Dallas

Dallas ni mtaa wa watu wa kipato cha chini katika mji wa Embu, wenye jina moja na mji wa Texas, Marekani. Tuchukue virai viwili: "walimu wa Dallas" na "vijana wa Dallas". Kisarufi havina tofauti. Vyote viwili vimeundwa kwa nomino, -a unganifu na jina la mahali. Hata hivyo havisomwi kwa namna moja. Cha kwanza hueleza mahali: walimu wanaofundisha au wanaokaa Dallas. Cha pili huelekea kueleza aina, kama tusemavyo "chai ya maziwa" au "nguo ya pamba": vijana wa namna ile. Jina la mtaa limegeuka kuwa sifa.

Jambo hili si la Dallas peke yake. Mitaa mingi ya mabanda nchini Kenya imepatwa nalo. Uhusiano ulioonyeshwa na -a unganifu, ambao katika vitabu vyetu tunauorodhesha kuwa wa umilikaji, mahali, au aina, hauamuliwi na sarufi peke yake. Huamuliwa na mambo ambayo msikilizaji amekwisha kuyasikia. Mtaa ukitajwa redioni siku za wizi na misako tu, na usitajwe siku nyingine, basi kirai kile kitaingia katika aina hata kabla sentensi haijaisha. Fundi cherehani, mwendeshaji bodaboda na mwanafunzi wa chuo wanaokaa mtaa huo wanapoomba kazi au kusimamishwa na askari, jina la mtaa huwa limewatangulia.

Nani aliyetenda?

Vichwa vya habari vya Kiswahili hupenda wakati wa -a-, kwa kuwa ni mfupi na una nguvu. Tulinganishe: "Vijana wavamia soko" na "Vijana wawili wauawa kwa risasi". Katika kichwa cha kwanza vijana ni watendaji, nao wamewekwa mwanzoni. Katika cha pili wametendwa, lakini mtendaji hayupo. Kiswahili kina njia mbili za kukamilisha kauli ya kutendwa: "na" hutaja mtendaji, "kwa" hutaja chombo. Kusema "kwa risasi" kunaifanya sentensi ionekane imekamilika, ilhali swali lililo kuu halijajibiwa. Msomaji ameambiwa chombo, akadhani ameambiwa mwuaji.

Hatusemi kwamba kila mwandishi afanyaye hivi ana nia mbaya. Mara nyingine mtendaji hajajulikana, na sheria humtaka mwandishi ajihadhari. Lakini tahadhari hiyo ingepasa kumlinda pia kijana anayetuhumiwa, naye mara nyingi hutajwa kuwa mtendaji kabla mahakama haijasema neno.

Kisa cha Kianjokoma

Mnamo tarehe 1 Agosti 2021, wakati wa kafyu iliyowekwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ndugu wawili walikamatwa na polisi huko Kianjokoma, Kaunti ya Embu. Baadaye miili yao ilipatikana katika chumba cha maiti. Maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba waliruka kutoka katika gari lililokuwa likienda. Familia haikuyakubali maelezo hayo, wananchi waliandamana, na mwaka huohuo maofisa sita wa polisi walishtakiwa kwa mauaji.

Tuangalie nomino. Taifa zima liliwajua marehemu kwa jina la "ndugu wa Kianjokoma", na kwa kuwa walikuwa wakisoma, waliitwa pia wanafunzi. Neno la kwanza linataja ukoo: aliye ndugu ana mama na baba. La pili linataja tumaini lililokatwa. Majina hayo yalikuwa ya kweli na yaliwastahili. Pia yalisaidia kulifanya tendo lile lionekane kuwa ni dhuluma. Swali letu ni hili: kama wangekuwa watu wawili wasio na chuo wala kazi, waliokamatwa usiku uleule katika mtaa wa mabanda, wangeitwaje? Twahofu kwamba wangeitwa vijana wawili, nayo maelezo ya kuruka garini yangepita bila kuulizwa. Hapo ndipo uteuzi wa nomino unapokuwa suala la uhai.

Muguka na mhuni

Mfano mwingine ulitokea Mei 2024, magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipopiga marufuku muguka, unaolimwa hasa Mbeere, Kaunti ya Embu. Rais alitangaza kwamba marufuku hayo hayakuwa na nguvu za kisheria. Katika mabishano yale, watumiaji wa Pwani walielezwa kuwa "vijana wanaoangamia", na upande wa Embu ukaelezwa kwa neno "wakulima". Lakini wengi wa wanaochuma, kufunga na kusafirisha majani hayo ni watu wa umri uleule. Mwenye kazi alipoteza ujana wake katika taarifa, na asiye na kazi akabaki na ujana tu.

Mwezi mmoja baadaye, katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha wa 2024, ambayo yalifika Embu pia, tulisikia jina jipya, "Gen Z". Kwa muda lilikuwa jina la sifa. Lakini baada ya waandamanaji kuingia Bungeni tarehe 25 Juni, neno "wahuni" lilirudi kwa nguvu. Neno hili lina historia. Katika Dar es Salaam ya ukoloni, mhuni alikuwa zaidi kijana aliyetoka shamba bila kazi ya mshahara, naye alikamatwa na kurudishwa wilayani kwake. Kosa lake la kwanza lilikuwa kuwako mjini. Waandishi wa leo wanapolitumia kwa yeyote aliye barabarani, wanarithi hukumu ya zamani pasipo kujua.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kijana huhukumiwa na vitu vidogo: nomino iliyokosekana, "wa" inayogeuza mtaa kuwa tabia, na "kwa" inayochukua nafasi ya "na". Waandishi na watangazaji wengi wa Kiswahili wamepitia katika madarasa yetu. Hatuna budi kuwafundisha mambo matatu. Kwanza, mtu atajwe kwa kazi, masomo au jamaa yake inapowezekana, hata akiwa mtuhumiwa. Pili, jina la mtaa litumike pale tu mahali panapohusika na tukio. Tatu, mtendaji akijulikana, atajwe. Na asipojulikana, isemwe wazi kwamba hajajulikana. Kauli ya kutendwa tunaifundisha kwa mifano kama "chakula kimepikwa na mama". Yafaa tuifundishe pia kwa sentensi zinazohusu vifo vya watu, kisha tuwaulize wanafunzi wetu ni nani ambaye hakutajwa.