Mvua inyeshe, kinga zitembee: raha ya kusafiri kwa kundi

Mvua imerudi katika uwanda wa Ruzizi, na tutakuwa nayo mpaka mwezi wa tano. Kila mwaka, saa kama hii, tunasikia maneno yale yale katika mikutano ya vyama vya ushirika: barabara imeharibika, kamio haifiki, tungoje jua. Lakini sisi tunaozunguka vyamani, kutoka Kiliba mpaka Luvungi, tunaonaka pia jambo lingine. Kuna wanachama ambao hawangoji jua. Wanajikusanya watu kumi ao kumi na wawili, kila mtu na kinga yake, wanafunika mizigo vizuri, wanaondoka pamoja na mvua. Ukikutana nao njiani huwezi kuwahurumia, maana utawakuta wanacheka.

Leo tunataka kuongea juu ya kile kicheko. Wengine watauliza: kijarida cha kilimo na raha ya kinga, vinahusiana nini? Vinahusiana sana, na tutaonyesha kwa mahesabu. Lakini tuanze na raha yenyewe.

Uwanda uliotengenezwa kwa ajili ya kinga

Kutoka Uvira, pembeni ya ziwa Tanganyika, barabara ya taifa namba 5 inapanda polepole kuelekea Kamanyola. Upande mmoja kuna milima inayoenda Itombwe, upande mwingine mto Ruzizi, na ng'ambo ya mto ni Burundi. Katikati ni tambarare. Kinga zetu ni nzito, za chuma, hazina vitesi, lakini katika uwanda huu zinabeba gunia la kilo 50 bila kulalamika.

Adui mkubwa wa mwenye kinga kwetu si mvua. Ni jua. Wakati wa kiangazi, saa sita mchana, joto linapita digrii 30, vumbi ya kamio inakuingia puani na mdomoni, na maji uliyobeba yanaisha mbele ya nusu ya safari. Siku ya mvua ndogo mambo yanageuka. Vumbi inalala. Hewa inakuwa baridi kidogo, mwili haupati moto haraka, miguu inazunguka muda mrefu bila kuchoka. Mvua ikikatika, milima ya pande zote mbili inaonekana wazi kama imeoshwa, na udongo unatoa ile harufu ambayo kila mkulima anaijua toka utoto.

Mwezi wa kwanza tulisafiri na kundi moja kutoka Luberizi kushuka Uvira. Mvua ilitukuta mbele ya Sange. Hakuna aliyesimama. Wa mbele alikuwa anaita mashimo: «Kushoto! Maji!» na sauti ilipita kutoka kinga moja mpaka ingine hadi kwa wa mwisho. Mmoja alianzisha wimbo, wengine wakaitikia kwa kufuata mwendo wa miguu, na tuliona wenye nguvu wakijifunza kupunguza mwendo ili wimbo usikatike. Kijana mmoja aliteleza katika potopoto, akalala chini pamoja na gunia lake. Watu walicheka kwanza, kisha wanne wakamwinua, na mvua yenyewe ikamwosha mbele ya kufika mashamba ya miwa ya Kiliba. Tulipokunywa chai ya moto yenye tangawizi, kila mtu alikuwa anasimulia lile anguko kwa namna yake, na mwenye kuanguka ndiye alikuwa anasimulia kwa nguvu zaidi.

Peke yako ao kwa kundi

Mvua ile ile, ukiwa peke yako, haina raha hata kidogo. Mpira ukitoboka, utafanya nini? Gundi ya kiraka haishiki juu ya mpira uliolowa. Unasimama chini ya mti, gunia linakunywa maji, saa zinapita.

Katika kundi, wawili wanashika shitingi kama paa, mmoja anapangusa mpira mpaka unakauka, mwingine anabandika kiraka, na aliyebaki nyuma analeta pompi. Hiyo ndiyo kazi ya kundi: pompi moja, funguo moja, kopo moja ya gundi, kwa watu kumi. Hakuna anayelazimika kununua vyote peke yake.

Tena kuna wamama. Wamama wengi wa kwetu bado wanabeba mizigo mgongoni, kilomita na kilomita, hata katika mvua. Mama akipanda kinga peke yake, watu watasema maneno. Wakipanda watatu ndani ya kundi la chama, maneno yanapungua, na mgongo unapumzika.

Mahesabu

Maharagi ya saizo A yanavunwa mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, katikati ya mvua. Ni wakati ule ule ambapo wazazi wanahitaji pesa ya masomo, na mkulima anatafuta mbegu za saizo B. Mnunuzi anayefika kijijini anajua kwamba kamio ni chache na kwamba unaharakishwa. Bei anaipanga yeye.

Tuchukue mfano. Tuseme mnunuzi wa kijijini anatoa franka 200 chini ya bei ya soko la Uvira kwa kila kilo. Kinga kumi, kila moja na kilo 50, zinapeleka kilo 500. Tofauti ni franka 100 000 kwa safari moja. Toeni chakula cha njiani, chai na viraka, mtaona kinachobaki. Kila chama kiweke bei zake za kweli katika hesabu hii mbele ya kuamua. Na hata mkienda mara moja tu, yule mnunuzi wa kijijini atasikia kwamba mna njia ingine.

Kwenda na mavuno makavu, kurudi na miti ya mihogo

Mvua ni rafiki wa mwendeshaji, lakini ni adui wa nafaka. Maharagi yakilowa yanavimba na kuanza kuota. Mahindi yenye unyevu unaopita asilimia 13 ao 14 yanashika ukungu, na ukungu mwingine unaacha sumu inayoitwa aflatoksini, ambayo kupika hakuiondoi. Kwa hiyo:

Kausheni vizuri mbele ya kufunga. Mahindi makavu ukiyauma yanavunjika kwa sauti.

Wekeni mfuko wa plastiki ndani ya gunia, mufunge mdomo, kisha mufunike gunia lote na shitingi, mpaka chini, maana maji ya barabara yanarukia kutoka kwa gurudumu.

Mkifika, fungueni shitingi mara moja. Gunia likikaa limefunikwa katika joto, linatoka jasho kwa ndani.

Safari ya kurudi ndiyo inatufurahisha zaidi sisi maagronomu. Miti ya mihogo ya kupanda inaharibika kwa jua na upepo. Inakauka mbele ya kuona udongo. Siku ya mvua inafika ikiwa mibichi. Ibebeni mirefu, imefungwa pamoja kwa kamba za mpira, na muikate vipande vya sentimita 20 mpaka 25 siku ya kupanda, shambani. Chagueni miti ya miezi 8 mpaka 12, kutoka mashina yasiyo na majani yenye madoa ya mozaiki wala yaliyojikunja. Kinga inayobeba miti yenye ugonjwa inabeba njaa ya mwaka unaokuja.

Mvua ya kuchezea na mvua ya kuogopa

Raha haitakiwi kutupofusha. Mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulifurika katika mji wa Uvira. Watu walikufa na nyumba nyingi zilibomoka. Wote tunakumbuka. Kwa hiyo kila kundi liwe na mkubwa wa safari, na neno lake la kusimama lisibishwe na mtu, hata na mwenye haraka ya soko.

Mto uliojaa: msivuke. Maji yanayokimbia yakifika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima, na kinga yenye mzigo inayavutia zaidi. Ngojeni. Maji ya milimani yanapanda haraka, lakini yanashuka pia.

Radi: mkiona umeme, hesabuni. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ngurumo ikisikika mbele ya kufika 30, simameni. Acheni kinga, ingieni ndani ya nyumba imara, masomo ao kanisa. Msijifiche chini ya mwembe ulio peke yake. Kama hakuna nyumba, achaneni, kila mtu achutame mahali pa chini, miguu pamoja. Ondokeni dakika 30 kisha ngurumo ya mwisho.

Freni: rimu ikilowa, freni inachelewa kushika. Bonyezeni kidogo kidogo mbele ya kila mteremko ili rimu ikauke. Wanaofunga kwa mguu, na kambambili juu ya mpira, wasiingie katika safari ya mvua. Watengeneze freni kwanza. Acheni nafasi ya kinga tano kati ya mtu na mtu.

Mwili: kila mtu aweke nguo moja kavu ndani ya plastiki. Raha ya mvua inaisha pale unaposimama na nguo zilizolowa.

Nyumbani, osheni potopoto jioni ile ile, pangusa mnyororo, tia oili. Mafuta ya mawese hayafai: yanashika mchanga.

Na mbele ya kuondoka, ulizeni habari za njia kwa wanaotoka mnakokwenda.

Kinachoshikilia chama

Tumetembelea vyama vingi vyenye mihuri, vitabu vya hesabu na komite kamili, lakini wanachama wanakutana tu siku ya kulipa mchango ao siku ya kugombana juu ya mchango. Chama cha namna hiyo kikipata shida moja, kinavunjika. Tumeona pia vikundi ambavyo havina hata ofisi, lakini watu wake walishasukumana katika potopoto, wakala mihogo kutoka sahani moja na nguo zimelowa. Hao, mmoja akigonjwa, wengine wanalima shamba lake bila kuitiwa mkutano.

Kuaminiana hakuandikwi katika sheria za chama. Kunajengwa mahali ambapo unamwachia mwenzako gunia lako ukienda kutafuta fundi, na ukirudi unalikuta limefunikwa na koti lake. Safari ya kinga katika mvua inawapa watu nafasi hiyo kila wiki, na inawapa kicheko juu yake.

Kwa hiyo katika mkutano unaokuja, wekeni jambo hili katika orodha: nani ana kinga yenye freni nzuri, nani atakuwa mkubwa wa safari, shitingi ngapi, pompi iko kwa nani, siku gani ya soko. Anzeni na safari fupi, kijiji kwa kijiji, na mizigo midogo. Wamama wawe ndani toka siku ya kwanza.