Dadu za Herufi: Hata Mama wa Darasa la Saba Anaweza

Jioni moja tulikuwa akina mama wanne sebuleni kwa mwenzetu, fundi cherehani, tukingoja chai. Binti yake wa kidato cha pili alikuwa ameinamia simu, kidole kikikimbia huku na huko juu ya kioo. Mama akamsogelea. "Ni mchezo gani huo, mwanangu? Nami nifundishe." Binti akajibu bila ubaya wowote, "Mama, huu huuwezi. Ni wa Kiingereza."

Chai ile tuliinywa kimya. Baadaye mwenzetu alitueleza kwamba tangu binti aingie sekondari, yeye hajafungua daftari lake hata moja, kwa kuogopa kuulizwa swali. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba. Basi tukakubaliana papo hapo: mchezo ule tutajifunza wote wanne. Akina mama wapendwa, tunayoandika hapa ndiyo tuliyoyapata, na tunawaandikia wanaoanza. Mabingwa na wageuze ukurasa.

Mchezo wenyewe si mgeni duniani. Ulibuniwa na Allan Turoff, na kampuni ya Parker Brothers ya Marekani ikaanza kuuuza mwaka 1972 kwa jina la Boggle. Sandukuni mna dadu 16 zenye herufi badala ya vitone. Hutikiswa, zikatulia katika mistari minne, kila mstari dadu nne, na wachezaji wana dakika tatu za kuandika maneno wanayoyaona. Siku hizi kuna michezo mingi ya aina hiyo kwenye intaneti: simu ndiyo inayotikisa dadu, inahesabu muda, na inakagua maneno kwa kamusi yake. Wewe unaburuta kidole tu.

Kanuni ni chache. Neno liwe na herufi tatu au zaidi. Kila herufi iguse ile inayofuata, iwe pembeni, juu, chini au kwa mshazari, kuruka hairuhusiwi. Dadu moja haitumiki mara mbili katika neno moja. Majina ya watu na ya miji hayahesabiwi. Katika kanuni za asili, neno la herufi tatu au nne lina alama 1, la tano alama 2, la sita alama 3, la saba alama 5, na la nane au zaidi alama 11. Michezo mingine ya kwenye simu ina hesabu zake, au dadu 25 badala ya 16, kwa hiyo soma maelezo kwanza. Sisi hatukusoma, tukapoteza jioni nzima.

Kosa letu la kwanza, na tunaamini ni la kila anayeanza, lilikuwa kutafuta neno kubwa. Mtu anakodoa macho dakika mbili nzima akitafuta neno la kumshangaza mtoto, na dakika ya tatu inakwisha akiwa na maneno mawili. Hebu tazama dadu nne tu zilizokaa pamoja kama vigae vinne vya sakafu: juu T na A, chini S na E. Hapo kila dadu inagusa nyingine zote, kwa hiyo unaweza kuzipanga upendavyo. Mna SEA, SAT, SET, TEA, EAT, ATE, SEAT, EAST, EATS na TEAS. Ni maneno kumi, alama kumi. Yule aliyehangaika akapata neno moja la herufi saba ana alama tano. Tulipoihesabu hesabu hiyo mezani kwa penseli, mwenzetu fundi alicheka kwa mara ya kwanza tangu jioni ile.

Kwa hiyo anzia katikati. Dadu ya pembeni kabisa, kwenye kona, ina majirani watatu. Ya ukingoni ina watano. Zile nne za katikati, kila moja ina majirani wanane. Ukikuta irabu katikati, hasa E au A, usiiache mpaka umeizunguka yote.

Kisha soma kinyumenyume. Njia iliyopita kwenda, itapita pia kurudi. Hilo halina shaka. Ukiona TEN, NET imo. Ukiona PART, TRAP imo. POTS ikirudi ni STOP, na STAR ikirudi ni RATS. Kwa kila neno unaloliandika, jaribu kulirudisha kabla hujaondoka hapo. Na S popote ilipo itazame kama sindano iliyochomekwa kwenye kitambaa: neno la kitu linaloishia jirani yake mara nyingi laweza kuongezwa S likawa la wingi, na hilo ni neno la pili bila jasho. ED na ER nazo zikikaa pamoja usizipite.

Sasa tufike kwenye lile lililotusaidia kuliko yote. Tulidhani hatuna maneno. La hasha! Tunayo, ila tumeyavalisha nguo za Kiswahili. Mama asemaye supu, keki, koti, timu, benki, lesi, pini, zipu na wodi tayari ana maneno tisa ya Kiingereza kinywani mwake. Kazi iliyobaki ni tahajia, na hapa lazima tuseme ukweli, kwani haifuati masikio. Supu ni SOUP, ina O ndani. Koti ni COAT, timu ni TEAM, lesi ni LACE. Wodi ni WARD, na ukiirudisha ni DRAW. Tuliweka daftari dogo, upande mmoja neno kama tunavyolitamka, upande wa pili kama linavyoandikwa. Kila mmoja alianza na shughuli yake: sisi wa hospitali tukaleta ya hospitali, muuza mgahawa akaleta ya jikoni, fundi akaleta ya cherehani. Baada ya miezi miwili daftari lilikuwa limejaa.

Daftari hilo lina faida nyingine. Mkicheza kwa kanuni za asili, neno lililoandikwa na watu wawili hufutwa kwa wote wawili. TEA na CAT kila mtu huziona, zikafutika. Linalobaki ni lile ambalo mwenzako hakulifikiria, na msichana wa shule hafikirii mambo ya ushonaji.

Kuna walioulizia Kiswahili. Kwenye simu, kamusi ya Kiingereza itakataa. Nyumbani kwa dadu na karatasi yawezekana, ingawa BABA na MAMA zitawashinda mara nyingi, maana kila moja yataka herufi mbili mbili za aina moja.

Tahadhari mbili. Dakika tatu ni fupi, lakini dakika tatu mara ishirini ni saa nzima, na tumeshaunguza maharage. Pia michezo mingine huwakutanisha wachezaji na watu wasiowajua, na mingine huuza vitu vya kulipia. Watoto wacheze na nduguzo au jirani, na namba ya siri ya pesa za simu ibaki kwa mama.

Mwezi uliopita mwenzetu alimwita binti yake mezani. Simu ilitikisa dadu, kila mmoja akaandika yake kwenye karatasi, kisha wakafuta yaliyofanana. Katika karatasi ya mama yalibaki LACE, ACE, HEM na PIN. Binti akaiegemea ile karatasi. "Mama, HEM ndiyo nini?" Mama akainua ncha ya sketi ya sare ya binti, akamwonyesha pindo alilolishona mwenyewe mwezi Januari.

Alishindwa kwa alama mbili. Ameomba marudiano Jumamosi, na ametaka binti aje na madaftari yake ya shule pia, watayatazama simu ikiwa kwenye chaji.