"Wapuuze" si jibu kwa mtoto anayechekwa

Hujafa hujaumbika, walinena wahenga. Methali hii sisi walimu huifunza, huitungia maswali ya insha na kuitolea alama, kisha kengele ya mapumziko inapolia tukaiacha ubaoni. Huko nje uwanjani, mtoto mwenye kovu usoni, mwenye masikio makubwa ama ngozi isiyofanana na ya wenzake huachwa apambane peke yake na ndimi za watu. Nayasema haya si kwa kusimuliwa, bali kwa kuwa yamenifika nyumbani kwangu.

Mpwa wangu alizaliwa na kulelewa viungani mwa mji wa Nakuru. Alipotimu umri wa miaka sita, mamake alipata kazi Kakamega, nao wakaja kuishi nami. Wakati huo msichana huyo alikuwa na meno yake ya utotoni, meupe kama ya watoto wengine. Yalipong'oka na ya ukubwani kuota, yalitoka na mabaka ambayo baadaye yalikolea rangi ya kahawia. Kule alikozaliwa hapana ambaye angeshangaa, kwani wenye meno ya aina hiyo ni wengi. Katika shule yake mpya aligeuka kioja. Wenzake walimbandika jina "Kutu". Siku moja, katika somo la usafi, mwalimu wake alimsimamisha mbele ya darasa ili wengine wajionee madhara ya kutopiga mswaki.

Tangu siku hiyo, mtoto aliyependa mno kusoma hadithi kwa sauti alianza kuzungumza huku kiganja kimefunika mdomo. Akiitwa kusoma, alidai kwamba koo lamuuma. Jioni moja nilimkuta akisugua meno kwa majivu, ufizi ukivuja damu. Nilimwambia lile ambalo aghalabu sote huwaambia watoto: "Wapuuze tu."

Alinitazama, akaniuliza, "Mjomba, watu arobaini hupuuzwa vipi?"

Sikuwa na jibu. Ndipo nilipong'amua kwamba neno "wapuuze" humpunguzia mzigo mtu mzima anayelisema, wala si mtoto anayeambiwa. Mtoto wa miaka minane hana uwezo wa kutosikia. Kile anachohitaji ni ukweli, maneno ya kujibia, na mtu mzima wa kusimama naye.

Nilianza na ukweli. Nilimwonyesha Bonde la Ufa kwenye ramani, nikamweleza kwamba maji ya ardhini ya sehemu hiyo hupitia miamba ya volkeno na kubeba madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kiwango cha madini hayo katika maji ya kunywa kisizidi miligramu 1.5 kwa lita moja, ilhali baadhi ya visima vya Nakuru na Naivasha hupita kiwango hicho mara kadhaa. Mtoto akiyanywa maji hayo katika miaka yake ya kwanza, meno huathirika yangali yakijiunda ndani ya taya, kabla hata hayajaonekana. Hakuna mswaki wala majivu yatakayoliondoa doa hilo. Aliposikia hayo, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kumbe si makosa yangu?"

Kisha tukatafuta maneno. Tuliafikiana juu ya jibu fupi: "Meno yangu ni masafi. Yalibadilishwa rangi na maji ya kwetu." Tulilifanyia mazoezi mezani, nami nikijifanya mchokozi. Nilimfunza pia kuwatofautisha wasemaji. Anayeuliza kwa kutaka kujua ajibiwe kwa upole. Anayekejeli ajibiwe mara moja tu, kisha aachwe hapo alipo. Anayerudia aripotiwe kwa mwalimu, na kuripoti huko si uchongezi. Ama wageni wazima wanaotamka la kuudhi, hao nitawajibu mimi, naye akinisikia.

Hatimaye nilikwenda shuleni, si kwa ugomvi. Mwalimu hakuwa na habari za floraidi. Kwa uungwana wake, alikiri kosa lake mbele ya darasa lile lile, akafundisha kipindi kizima kuhusu maji na miamba. Kejeli hazikukoma siku hiyo, lakini jina "Kutu" lilianza kukosa wachekaji. Mpwa wangu amerudia kusoma kwa sauti, ingawa mbele ya wageni mkono wake bado hupanda mdomoni.

Sina haki ya kumlaumu mwalimu huyo. Katika miaka yangu ya mwanzo ya kazi niliwaita wanafunzi kwa maumbile yao: Mfupi, Macho Manne, Kibonge. Darasa liliangua kicheko, nami nikadhani kwamba wenye majina hayo nao walikuwa wakicheka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013, katika kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa ama kudhalilishwa, kimwili na hata kisaikolojia. Mwalimu anayetunga jina la dhihaka huwapa watoto ruhusa ambayo sheria imewanyima.

Walimu wenzangu, tuchunguze kwanza vinywa vyetu kabla ya kuwaadhibu watoto wanaotuiga. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akichekwa, msingoje kutumwa. Kaeni naye wakati wa chakula cha mchana, mkatae kulitumia jina alilobandikwa. Kicheko kikikosa wa kukiitikia hakidumu, na hilo liko ndani ya uwezo wa mtoto yeyote.