Sungura Hakuja Skauti Kulinda Mabegi

Jumamosi moja, kama wiki mbili kabla ya Ramadhani, nilifika nimechelewa kwenye kiwanja cha shule moja ya msingi upande wa Msambweni. Maskauti wakubwa walikuwa kwenye gwaride, vumbi limetimka, filimbi inalia. Chini ya mwembe palikuwa na lundo la mabegi na viatu, na kando yake amekaa mtoto wa miaka saba, skafu imemning'inia mpaka kiunoni. Nikamuuliza, "Baba, mbona wewe huko hapa peke yako?" Akajibu bila kuniangalia, "Nalinda mabegi, ami." Na Jumamosi iliyopita je? "Nililinda mabegi."

Jumamosi iliyofuata hakuja. Mamake alinieleza kwamba mtoto haumwi siku yoyote ya wiki, ila ikifika Jumamosi alasiri tumbo linamkata.

Ningependa kusema kosa lilikuwa la mtu mwingine, lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimsaidia mwalimu wa kikosi kile, na mimi ndiye niliyesema wadogo wakae kando wasije wakakanyagwa. Nilidhani nawahurumia. Tangu siku ile nimejisomea na kuulizauliza kuhusu skauti wadogo kuliko nilivyosoma kwa ajili ya diploma yangu, na nimeona niwaandikie wazazi na walimu wa Kwale niliyoyapata, kwa sababu vikosi vingi nilivyoviona kutoka Ukunda hadi Ramisi vina mwembe wake na mtoto wake chini ya mwembe.

Kwanza, wengi hatujui kwamba mtoto wa miaka saba ana daraja lake rasmi. Skauti nchini Kenya wamegawanywa mafungu manne kwa umri: Sungura, ambao ni watoto wa kuanzia miaka 6 hadi karibu 11, kisha Chipukizi, kisha Mwamba, na juu kabisa Jasiri, ambao ni vijana waliokwishamaliza shule. Kila fungu lina shughuli zake na beji zake. Kwa hivyo Sungura si Chipukizi mdogo, wala si Chipukizi aliyeshindwa gwaride. Lakini katika shule nyingi kikosi kina mwalimu mmoja, filimbi moja na saa mbili kwa wiki, na mwalimu huyo hufundisha anachokijua, yaani gwaride na mafundo ya Chipukizi. Mdogo anabaki kutazama.

Jambo hili si geni. Skauti ilipoanza, wadogo hawakuwamo kabisa. Baden-Powell alifanya kambi yake ya kwanza mwaka 1907 kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, akiwa na wavulana wapatao 20, na haikuwahusu watoto wa rika hili. Mambo yalipovuma, wadogo zao wakaanza kuwafuata kaka zao mazoezini, wakakaa pembeni wakiiga, wakawa kero. Walimu wengine waliwafukuza, wengine wakawaingiza kinyemela. Ilichukua mpaka mwaka 1916 kuwapa daraja lao wenyewe, watoto wa mbwa mwitu, kwa watoto wa miaka 8 hadi 11, likajengwa juu ya hadithi za msituni za Kipling. Huyu Baden-Powell ndiye yule aliyekuja kumalizia uzee wake Nyeri, akafariki huko mwaka 1941 na kuzikwa huko huko.

Kilichonigusa katika habari hiyo ni jinsi alivyowapangia. Wakubwa walikuwa na sheria 10, wadogo akawapa 2. Wakagawanywa vikundi vya watoto sita sita, kila kikundi na kiongozi wake ambaye naye ni mtoto. Na mambo yao yalijengwa juu ya hadithi na michezo, kwa sababu mtoto wa miaka minane akisimamishwa mstarini dakika arobaini hajifunzi nidhamu, anajifunza kuchukia mstari. Kenya hatuna mbwa mwitu wa hadithi hizo, na aliyechagua jina la Sungura alijua anachofanya. Hakuna mtoto wa Pwani asiyejua kwamba sungura ndiye mdogo wa msituni anayewashinda fisi na simba kwa akili. Halafu tukalichukua jina lile zuri tukaligeuza tusi: "Wewe sungura tu, kachote maji."

Hapo kwenye kuchota maji nataka nikae kidogo. Kwetu mtoto hutumwa, na hilo ni malezi wala siombi liondolewe. Mtoto asiyetumika huonekana hana adabu, na mimi wa kwangu namtuma. Lakini nyumbani mtoto anayetumwa dukani ndiye huyo huyo anayekula sahani moja na waliomtuma. Kikosini tulikuwa tumechukua kutuma tukaacha sahani. Mdogo alichota maji, akafua skafu za wakubwa, akalinda mabegi, na ilipofika wakati wa jambo lenyewe akaambiwa asubiri akue. Nilipowauliza Chipukizi wetu kwa nini, walinijibu kwa uaminifu kabisa: "Hata sisi tulifanyiwa hivyo." Kumbe ndiyo mila ya kikosi.

Tulianza kwa kuwatenga, na hili lilimshangaza mwalimu mwenzangu, maana tulikuwa tukitaka kuwajumuisha. Lakini mdogo hujumuika vizuri akiwa na mahali pake kwanza. Tukawapa Sungura kona yao ya kiwanja, kivulini, na saa moja tu badala ya mbili. Tukawagawa vikundi vya sita, tukawaambia wachague majina kutokana na wanyama wa kwetu. Kikundi kimoja kikachukua Mbega, wale wanaovuka barabara ya Diani kwa madaraja ya kamba. Kingine Palahala wa Shimba Hills, kingine Kasa. Cha nne kikachagua Pweza. Nilijaribu kuwashauri kwamba pweza si mnyama wa kujivunia sana, hukaa shimoni. Wakanijibu ana mikono minane na yeyote kati yetu hana zaidi ya miwili. Wakabaki Pweza.

Saa hiyo moja tunaikata vipande vifupi: mchezo, hadithi, kazi ya mikono, mchezo tena. Kila Jumamosi lazima kuwe na kitu kimoja kinachoanza na kumalizika siku hiyo hiyo, mtoto aende nacho nyumbani, iwe fundo moja kwenye kipande cha kamba au jina la mti mmoja. Kisha dakika kumi na tano za mwisho wanaungana na wakubwa, na ndani ya dakika hizo wana kazi ambayo hakuna mwingine anayeifanya: kushusha bendera na kuikunja, kikundi kwa zamu. Sungura wasipofika, bendera haishuki. Wiki ya kwanza Chipukizi walilalamika kwamba inakunjwa vibaya. Ilikunjwa vibaya kweli.

Saa yenyewe ilikuwa mtihani. Watoto wetu wana madrasa Jumamosi na Jumapili asubuhi, na wengine jioni za wiki pia. Kikosi kilikuwa kikikutana saa nne asubuhi, kwa hivyo mtoto alilazimika kuchagua kati ya maalim wake na skauti, na wadogo ndio waliokosa zaidi kwa kuwa ndio madrasa haiwaachi. Tukahamisha mkutano uwe baada ya swala ya alasiri, saa kumi, ili Sungura awe nyumbani kabla ya magharibi. Badiliko hilo moja lilituletea watoto wengi kuliko tangazo lolote.

Lilituletea pia maswali ya maalim, na yalikuwa ya haki. Aliuliza ahadi ya skauti inamtaja Mungu yupi, na kama watoto wataimbishwa nyimbo za kanisani. Nikamweleza kwamba skauti huahidi kutimiza wajibu wake kwa Mungu kwa mujibu wa dini yake mwenyewe, na kwamba chama kikubwa zaidi cha skauti duniani hakiko Ulaya, kiko Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote. Kinaitwa Pramuka, kilianzishwa mwaka 1961, na kina daraja la watoto wa miaka 7 hadi 10 linaloitwa Siaga. Maalim akatabasamu. Sasa yeye ndiye anayetuletea watoto, akituhimiza tusiwacheleweshe.

Bibi mmoja alikuwa mgumu zaidi kuliko maalim. Skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto, dunia nzima. Mjukuu wake alifika nyumbani akampa bibi mkono wa kushoto, na ukijua Pwani unajua kilichofuata. Alikuja mwenyewe kiwanjani na leso zake mbili. "Mwanangu, mimi nimemfunza huyu miaka sita kwamba mkono wa kushoto haupewi mtu, nyinyi mmemfundisha wiki mbili kuniaibisha?" Nilimwomba radhi kwa sababu alikuwa na haki. Kijana wa miaka kumi na tano anaweza kujua kwamba hii ni ishara ya skauti kwa skauti na ikaishia hapo. Mtoto wa miaka sita ndio kwanza anatenganisha kulia na kushoto, na kumpa kanuni mbili zinazopingana kwa wiki moja ni kumchanganya. Sasa Sungura wetu wanapewa salamu hiyo mwisho kabisa, baada ya kuwaeleza wazazi, na tunawaambia ni ya kiwanjani tu. Kutoa, kupokea, kula na kumsalimu mzee ni mkono wa kulia kama walivyolelewa.

Kuna swali ambalo wazazi wa Diani huuliza kwa sauti ya chini: ni nani hasa atakayekuwa na mtoto wangu? Wana sababu. Mwaka 2006 UNICEF na serikali ya Kenya zilitoa ripoti kuhusu watoto wanaotumiwa kingono katika utalii wa Pwani, na Diani ilikuwa mojawapo ya maeneo yaliyochunguzwa. Mzazi aliyeishi hapa miaka hiyo hawezi kumkabidhi mtoto kwa mtu eti kwa sababu amevaa sare. Kwa hivyo tumeweka utaratibu na kuusoma mbele ya wazazi: watu wazima wasipungue wawili wakati wowote, mmoja wao mwanamke, hakuna mtu mzima wa kubaki peke yake na mtoto, hata kwa dakika ya kumfunga kamba za viatu, hakuna picha za watoto kupelekwa kwenye makundi ya simu bila ruhusa, na Sungura hachukuliwi na mtu asiyeandikwa daftarini, awe mjomba au awe nani. Mjomba mmoja alikasirika. Alirudi nyumbani bila mtoto, na mama mtu akaja kutushukuru.

Sare ilituchelewesha kidogo. Familia nyingi haziwezi kununua shati, kaptura na skafu kwa watoto watatu kwa mpigo, na mdogo ndiye huachwa mwisho. Tukakubaliana skafu pekee inatosha kwa Sungura, fundi wa mtaani akatushonea za kipimo chao, za kufika kifuani badala ya kiunoni. Wasichana huifunga juu ya hijabu bila taabu.

Likizo ya Agosti hatukuwapeleka kambi ya kulala. Tuliwapeleka Gazi kwa siku moja pamoja na Chipukizi, kwenye mikoko ambayo wanakijiji wanaitunza kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Tangu mwaka 2013 mradi huo hulinda kiasi cha hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni, na pesa zake huenda kwenye maji na shule za hapo. Kupanda mkoko ni kazi inayomfaa mtoto kuliko mtu mzima: tunda lake refu kama rula husukumwa tu kwenye tope likasimama, na Sungura hazami topeni kama sisi wenye vitambi.

Yule mlinzi wa mabegi alikuwa amerudi, baada ya mamake na mimi kumbembeleza na baada ya kusikia habari za Pweza. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mbali, na vitu vyetu tulikuwa tumevibwaga pwani ovyo. Karibu saa sita akanivuta shati. "Ami, maji yamegeuka. Mabegi yataloa." Babake ni mvuvi. Chipukizi wa mjini wakacheka, mmoja akamwambia arudi kwenye kazi yake ya mabegi. Mimi niliangalia nikaona maji bado yako mbali, nikamwambia tutamaliza safu hii kwanza. Hatukuimaliza. Tulikimbilia viatu vikielea, na simu ya mwalimu mwenzangu mpaka leo haisikiki vizuri.

Tangu hapo wakubwa humwuliza yeye saa za maji kabla ya kupanga safari, na yeye huenda kumwuliza babake, kisha anatuletea jibu kama vile amelitoa kichwani mwake.

Jumamosi hii ni zamu ya Pweza kushusha bendera. Wawili kati yao hawafiki kwenye fundo la kamba, kwa hivyo nimeazima kreti ya soda dukani.